Mkwe Wangu na Mwiko

Wenzangu wa Igalula, leo sina uso wa kutazamia watu. Nawaandikia mapema kwa sababu treni ina midomo mingi, na habari hii nataka mwipate kwangu kabla haijaongezwa chumvi.

Mnajua nilikuja hapa mjini, mtaa wa Ng'ambo, kumhudumia kitinda mimba wangu, Nyamizi, aliyejifungua mtoto wa kiume. Nilikuja na nguvu zangu zote za kupika. Sikupika hata maji. Kila nikishika njia ya jikoni, Nyamizi ananiambia, "Mama, mkwe wako yuko uani." Nami narudi ndani. Mama mkwe atapitaje alipo mkwewe? Nikaona hata sisi wenyewe hatukuwafunza heshima wanetu kama hivi. Chakula nikaletewa mkekani, kimefunikwa vizuri, nsansa ya majani makavu ya kunde imeungwa karanga, ugali wa muhogo laini kama shavu la mtoto. Nikasema nimezaa chuma. Mtoto hajatimiza arobaini, na mama yake anasonga ugali wa namna hii! (Ndiyo, nilisikia kikohozi cha mwanaume jikoni. Nilidhani ni jirani.)

Leo mchana akaja Kalunde binti Kasongo, shangazi yake Yosefu, mkwe wangu. Alikuja na Mwajuma binti Salumu, mke wa fundi cherehani wa nyumba ya pili, na uso wa Kalunde ulikuwa wa kesi.

"Mama Nyamizi," akaniambia hata kabla ya kukaa, "mjini wanasema mwanetu anapika, mkewe amelala. Kama ni kweli, binti yako leo anafunga mzigo, mrudi naye Igalula. Hatukuoa mgeni wa kulishwa."

Nyamizi ampende mtu kama anavyompenda Yosefu, halafu arudishwe kwa maneno ya sokoni? Nikamwambia, "Kaa, ule kwanza."

Wakala. Kalunde alikula kama aliyetoka safari. Mimi nikaanza kujitapa. (Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, tena kwa jembe langu.)

"Onja hiyo, binti Kasongo. Huo ni mkono wangu, nimempa Nyamizi akiwa mdogo. Hakuna mwanaume chini ya jua awezaye kusonga ugali huo. Akiweza, mimi nivishwe kaptura."

"Umeapa," akasema Mwajuma.

"Nimeapa."

Ugali ukaisha. Nyamizi akainuka na mtoto wake kwenda kuongeza. Kalunde naye akainuka. "Nataka nimwone kwa macho yangu akisonga."

"Twende," nikasema. Nikatangulia mimi.

Nyamizi akageuka uani. "Mama, mkwe wako yuko huku."

"Mkwe gani mchana huu? Si yuko kazini kwa mzungu wake?" Nikampita, nikainama, nikaingia jikoni.

Yosefu yupo. Kasimama juu ya chungu, jasho linamtoka, mwiko mikononi. Kiunoni kajifunga kanga, na kanga ni yangu, ile niliyokuwa naitafuta tangu Jumapili.

Uso kwa uso na mkwe wangu! Nikavuta nguo usoni, nikageuka nisione, nikarudi kinyumenyume, nikamgonga Kalunde mlangoni, nikayumba, nikakaa. Nilikaa kwenye ungo mzima wa unga wa muhogo.

Yosefu naye alikuwa amegeukia ukutani kwa heshima. Lakini ugali hauachwi. Basi akawa anasonga huku anatazama ukuta. Akanena, si na mimi, alinena na mtoto mikononi mwa mama yake: "Mwanangu, mwambie bibi pole sana. Mwambie asijikung'ute, unga huo ndio wa jioni."

Mwajuma alitoka nje. Nilimsikia akicheka mpaka anashika ukuta.

Kalunde hakucheka. "Yosefu, umelogwa?"

"Shangazi, nilipopata kazi ya kumpikia mzungu, ulinichinjia jogoo."

"Ile kazi. Huyu mke."

"Ndiyo, shangazi. Mzungu sikumwoa. Amesafiri, nami nina nafasi, na huyu bado maziwa yanamsumbua na mgongo unamuuma. Nikae nimtazame?"

"Mwanaume hapiki kwake. Nyamizi, funga mzigo."

Nyamizi akanitazama mimi. Wote walinitazama, nami nimekaa ungoni na nguo usoni. Ningeweza kujisafishia jina. Ningesema, mimi nilimfunza, ameharibikia mjini.

Ikanijia sura ya marehemu Mgalula, baba yake Nyamizi. Mnamkumbuka. Alikwenda pwani na misafara ile ya zamani, mzigo begani, na njia nzima wanaume watupu walijipikia, wakala, wakarudi wazima. Akifika kwangu, mikono inasahau. Nilipomzaa huyuhuyu Nyamizi, alikaa nje na njaa yake akiutazama mlango wa jiko kana kwamba ndani kuna simba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anatungoja tumruhusu, mimi na mama yake na ninyi wote, na hakuna aliyefumbua mdomo. Nikainuka mimi, damu inanitoka, nikapika.

Nikasema na mtoto. "Mjukuu wangu, mwambie baba yako karanga zimekolea. Na mama yako haendi popote."

Kisha nikamgeukia Kalunde. "Binti Kasongo, mimi nimeapa na nimeshindwa, kaptura nitaivaa. Lakini umekula vitonge vya mwanaume huyu mpaka umelamba vidole. Vimekudhuru wapi?"

Chungu kinatoa mvuke.

"Ugali unaungua," akasema Kalunde hatimaye, na hakusema kwangu. Yosefu akaongeza kasi ya mwiko. Kalunde akarudi mkekani, akanawa mikono, akakaa kungoja. Bado anasema hajakubali. Lakini mzigo wa Nyamizi haukufungwa.

Basi mkiulizwa huko nani anapika nyumbani kwa Nyamizi, msifiche, semeni baba wa mtoto. Na mkishindwa kujizuia, nichekeni mimi niliyekaa ungoni. Yeye mwacheni asonge.