Kisanduku cha Moshi cha Rosalie

"Waya iko mu mukono yako bado," Rosalie alimwambia fundi aliyeshika kipimo cha injini. "Hiyo mashine inasoma nini, kinywa yangu?"

"Inasoma kwa hewa, mama," alijibu Gakiza kwa upole wa daktari. "Ni ya kisasa."

Makreti ya nyanya yalikuwa yamekwisha kupakiwa, na wateja wa soko la Old Town, mjini Lilongwe, hawanunui supu. Lakini tangu alfajiri lori kuukuu la Rosalie lilikuwa likitema moshi mweusi, taa ya injini imewaka, nguvu hakuna. Ndipo Gakiza akatokea kwa pikipiki yake kabla hata hajaitwa, ndani ya overoli ya bluu iliyokosa mfuko mmoja.

"Shida njo hapa," alisema, akigonga kisanduku kinachochuja moshi chini ya lori. "Kimekufa. Natoa, napeleka Lilongwe kuosha na dawa. We leo naweka bomba tupu, unaenda soko."

"Bei?"

"Bure. Mi ni mukristo."

Honoré, kaka yake Rosalie na dereva wa lori, alifungua mdomo. Rosalie akamkanyaga mguu.

"Sawa. Lakini desturi ya hapa kambi ya Dzaleka unaijua. Kipande ikitoka mu gari, fundi anaacha gage, kitu ya rehani. Ikirudi vile ilitoka, gage nayo inarudi."

Gakiza alivua kofia.

"Hiyo utavaa ku jua. Acha pikipiki."

Fundi akasita. Kisha akafungua kisanduku, akakipakata, na uzito wake ukamwondolea mashaka yote. Ndani ya visanduku hivi mna madini ambayo wanunuzi wa vyuma mjini huyagombania, na hiki kilikuwa kizito kama mtoto wa tajiri. Akafunga bomba tupu, akaacha pikipiki na ufunguo mbele ya wanakwaya wawili waliokuwa wakipita, wawe mashahidi, akapanda basi akikibembeleza.

"Dada," alisema Honoré, "unajua vizuri ile kisanduku..."

"Nyamaza, fungua bomba ya hewa."

Ndani ya bomba, injini ilikuwa imezibwa pumzi kwa mfuko uliong'olewa kwenye overoli ya bluu, kifungo chake kingalipo. Walipoutoa, moshi ukakatika. Pikipiki ikapandishwa juu ya makreti.

Old Town walimkuta Gakiza kwa mnunuzi wa vyuma, nyuma ya soko. Kisanduku kilikuwa kimekatwa vipande viwili. Ndani mlikuwa na bomba jembamba lililozungukwa na saruji. Marehemu mume wa Rosalie aliuza madini yale zamani, akamimina saruji ili kisanduku kisilie kama debe.

"Mama, umenidanganya," alisema Gakiza kwa uchungu wa mtu mwaminifu.

"Mi nilisema nini? We njo ulisema kimekufa. Hata kaburi kiko nayo."

"Basi nipe pikipiki yangu."

"Kipande irudi vile ilitoka."

Gakiza akaokota vile vipande viwili, akavibana pamoja kwa mikono yote miwili. "Si hii? Angalia. Kizima."

"Achilia mukono moja."

Hakuachilia.

"Tunashusha pikipiki ao inarudi Dzaleka?" aliuliza Honoré.

"Inarudi." Rosalie alimwekea Gakiza ule mfuko begani, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi. "Shona, baba. Unatembea wazi."

Akapanda lorini, akafunga mlango. Honoré akawasha, wakaondoka, na nyuma yao hapakubaki hata moshi.