Radi Imerudi Nakivale

Jumatatu, 5 Agosti 2013

Albamu imetoka! Jina lake "Tumerudi". Wazo langu. Bendi yetu, Orkestra Radi, imefufuka hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale baada ya miaka sita ya kimya. Divine anaimba, Musoni anapiga gitaa, kaka zake wawili wako kwenye besi na ngoma. Mimi Rugamba ni rais. Pia napiga kayamba.

Divine ameniapisha mbele ya wote nisiahidi chochote kwa jina la bendi bila kuwauliza. Eti mwaka 2007 tulivunjika kwa sababu nilikubali harusi mbili, siku ileile, saa ileile, moja Nyamitanga na nyingine Biharwe, ng'ambo ya mto. Uzushi! Tulivunjika kwa sababu maharusi wale hawakuwa na subira. Nimeapa hivyo hivyo, ili tuendelee na mazoezi.

Jambo moja tu linaninyima raha. Gitaa si zetu, ni za kanisa. Pasta Muhirwa ametuazima mpaka Jumapili ya tarehe 18. Siku hiyo tutapiga uwanjani nyuma ya kanisa na yeye atatazama watu. Wakiipenda albamu, gitaa zinabaki kwetu. Wasipoipenda, zinakwenda kwa Kizito wa kwaya, na Radi ndiyo basi tena. Kizito ameshaanza kushona vitambaa vya kuzifunika. Vya rangi ya waridi! Gitaa za roki!

Jumatano, 7 Agosti

Mpango wa kwanza. Junior anachaji simu za watu pale Base Camp, penye maduka ya kambi. Nimemshawishi apige albamu yetu tu, kutwa nzima. Nani ataondoka aache simu yake kwenye waya? Hakuna. Akili hizi sijui nilizitoa wapi.

Nilikaa pembeni kuokota maoni. Mama wa dagaa alisema ile albamu ya zamani ilikuwa muzuri, hii ya mupya iko na makelele mingi, tunapigana na nani? Vijana wakasema ni muziki wa wazee. Wazee wakasema ni muziki wa vijana. Mfugaji mmoja alikuwa amewapigia ng'ombe wake albamu kwenye simu: wengine walisogea, wengine walikimbia. Mwalimu Marthe alilia kwenye wimbo wa tatu. Nilimuuliza kama ni kwa ubaya, akasema hapana, umemkumbusha milima ya kwetu, akanishika mkono.

Mama yangu aliuliza kwa nini yule binti anaita tumbo katika wimbo wa pili. Nikamweleza kwamba "enda" ni Kiswahili, maana yake ondoka. Akasema sawa, lakini yeye amesikia inda, yaani tumbo kwa lugha yetu. Masikio ya uzee, maskini.

Halafu Kizito. Akapita, akasimama, akauliza kwa sauti ya kwaya kama spika ya Junior imepasuka. Ule mkwaruzo ndio roki yenyewe! Musoni aliutafuta wiki nzima!

Kwa kifupi: nusu wameipenda. Nusu nyingine hawajasikiliza vizuri. Adhuhuri watu walianza kuchomoa simu zao zikiwa tupu, na Junior akatufukuza, mimi na CD yangu.

Ijumaa, 9 Agosti

Foleni ya mahindi ya mgao. Nikasema, kwa kupita tu, kwamba Mbarara wanaipenda sana albamu. Kizito alikuwa nyuma yangu. Akauliza imepigwa redio gani. Nikajibu zote. Bahati mbaya Pasta Muhirwa naye alikuwa karibu, akafurahi, akauliza kama hao watu wa Mbarara watafika tarehe 18. Nikasema watajaa.

Hiyo si ahadi. Ni utabiri. Kiapo changu kiko palepale.

Inabidi sasa niende Mbarara.

Jumatatu, 12 Agosti

Nilishuka Mbarara kwenye lori la ndizi kabla jua halijakaza. Mtangazaji wa redio alisikiliza kidogo tu, akaniuliza kama hii ni injili au ni vita. Akanirudishia CD ikiwa na duara la chai. Watu wakubwa hatujibu.

Nikaingia sokoni nikiwa nimevunjika moyo kabisa, nasema ukweli. Pale nikamwona Goretti. Anauza dawa ya tumbo, na ana spika juu ya meza, lakini sauti yake ilikuwa imekauka kwa kupiga kelele. Nikamwambia apumzishe koo, apige muziki wangu. Akaweka wimbo wa pili.

Wimbo ule Divine alimtungia Muhire, mchumba wake, aliyepandishwa ndege kwenda Amerika na hakupiga simu hata mara moja. Kiitikio chake kinasema: "Enda, enda, siwezi kukuzuia." Nakivale hakuna aliyeutikisia hata kichwa.

Mbarara walisimama! Wote! Waliweka mizigo chini. Askari mmoja alicheka mpaka akajishika tumbo, wengine nao wakajishika, wakaitikia. Dawa ya Goretti ikaisha mezani. Akanipigia kelele kwa koo lake lile bovu: "Muzee, hii wimbo ni ya nguvu! Wacha CD hapa!" Nilitokwa na machozi mbele za watu. Hatimaye mji unaojua roki!

Nikamwambia awalete wote tarehe 18. Bendi nzima itakuwepo, na Divine atauimba wimbo huo kwa ajili yao.

Hiyo nayo si ahadi. Ni mwaliko.

Jumatano, 14 Agosti

Balaa! Balaa tupu!

Marthe amerudi kutoka Mbarara akicheka peke yake njiani. Kumbe kwa Wanyankore, wenyeji wa Mbarara, "enda" ni tumbo. Tumbo! Wao wanasikia: "Tumbo, tumbo, siwezi kukuzuia." Soko zima linauimba. Mtu akikimbilia choo, waendesha boda wanamwimbia mpaka afunge mlango. Na Goretti anauza dawa ya kuhara kwa machozi ya Divine.

Mama ananitazama tu. Afadhali angenena.

Kizito ameshasikia. Anapita nyumba kwa nyumba akiuliza, kwa huruma nyingi, kama Divine amepata nafuu.

Nilikwenda kwa Divine. Hakufungua. Alisema nyuma ya mlango: "Mimi niliandika moyo yangu, Rugamba. Weye umeipeleka ku soko kuuzisha dawa!" Nikamweleza kwamba sanaa ina mapana yake. Akafungua mlango. Alikuwa na beseni la maji ya vyombo. Ana shabaha nzuri.

Hataimba Jumapili wimbo ule. Labda hataimba kabisa. Niliona aibu, kwa muda. Kisha nikafanya mazoezi ya kuuimba mwenyewe, mpaka Mama akaniomba niwafikirie majirani.

Jumapili, 18 Agosti

USHINDI!

Niandike kwa utaratibu. Uwanja ulijaa nusu: walioipenda albamu, na waliokuja kuona tukiaibika. Divine alifika. Hakunisalimia. Alisema ataimba nyimbo zote isipokuwa ile. Wimbo wa kwanza, wazee wakaziba masikio. Wa tatu, upande wa Marthe ukalia. Wa nne, vijana wakapiga kelele tuwape zile za zamani. Pasta Muhirwa akatazama saa. Kizito akatandika vitambaa vyake vya waridi juu ya majani, kimoja kimoja, akavinyoosha kwa kiganja.

Ndipo tukasikia honi upande wa Kaberebere, njia ya Mbarara. Lori! Watu wamesimama nyuma wamebanana, Goretti mbele na spika yake, wote wanaimba: Enda, enda! Wakashuka, wakaingia uwanjani wakiwa wamejishika matumbo, wakiyumba kushoto na kulia.

Nikatafuta mahali pa kujificha. Hapakuwepo. Kayamba ni ndogo.

Divine aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akamgeukia Musoni, akamwashiria kwa kichwa aanze. Gitaa ikakwaruza. Divine akaimba. Ilipofika "siwezi kukuzuia", uwanja mzima ulijishika tumbo, Wanyankore, Wakongo, Warundi, hata mama wa dagaa. Divine akaanza kucheka. Alicheka mpaka hakuweza kumaliza kiitikio, na watu wakammalizia. Tuliupiga tena, na tena.

Pasta Muhirwa alijishika tumbo kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Akatangaza gitaa zinabaki kwetu. Kizito alikunja vitambaa vyake polepole. Niliuona mguu wake. Ulikuwa unacheza!

Tulipokuwa tunakunja nyaya, Divine alikaa karibu nami. Akasema kila mara akiimba wimbo ule alikuwa anaona ile ndege. Leo hakuiona. Ameona tu watu wa Mbarara na matumbo yao. "Ah," akasema, "sasa aende tu." Nikafurahi sana kwa ajili yake, nikamkunjia na nyaya zake. Mimi!

Jumatatu, 19 Agosti

Nimefikiri kwa utulivu. Ni wazi kwamba yote yalikuwa mpango wangu tangu mwanzo. "Enda" ina maana mbili, nani asiyejua? Nimemweleza Mama. Amejibu kwamba chakula kiko tayari.

Asubuhi Divine ameniapisha upya, safari hii mkono juu ya Biblia ya Pasta Muhirwa mwenyewe. Nisiahidi chochote bila kuwauliza. Nimeapa kwa moyo mweupe.

Mchana nimepigiwa simu mbili. Familia ya Nyamitanga inatutaka kwenye harusi, Jumamosi ya tarehe 31. Bwana mmoja wa Biharwe naye anamwoza binti yake, Jumamosi ya tarehe 31, saa ileile. Sikutaka kuwasumbua wenzangu, wamechoka. Nimekubali zote mbili.

Mto Rwizi ulio katikati una daraja. Na maharusi wa siku hizi wana subira.