Mrija Uliozama Katika Maziwa Yangu

Osob Warfa,
Soko la Maziwa ya Ngamia,
Garissa.

Kwa Mwalimu Mkuu,

Assalaam aleikum. Najua mitihani imewakaba, lakini nami nimekabwa, tena na shule yako. Mimi ni mama yake Kowsar wa Gredi ya Nane. Naomba umzuie Mwalimu Dullo wa sayansi kabla hajanifungia biashara.

1. Amemfundisha binti yangu kwamba kila kitu, hata jiwe, hata mimi, kimeundwa kwa chembe ndogo ziitwazo atomi. Haya. Eti ndani ya atomi karibu kote ni nafasi tupu. Hilo pia nilimeza. Ila nauliza kwa heshima: ikiwa maziwa yenyewe ni matupu kiasi hicho, mtu akitia maji kidogo, kosa liko wapi? Mimi naziba tu pengo aliloacha ngamia.

2. Juzi kawaambia kwamba vikombe viwili vilivyojaa sawasawa si lazima vilingane uzito. Cha maziwa hukizidi cha maji. Basi Kowsar akaziba mrija wa soda kwa udongo, akaja nao sokoni kupima maziwa yetu: eti yaliyo safi huuinua, yaliyotiwa maji huuzamisha. Kwa jirani yangu Idman, mrija ulisimama wima kama askari wa geti. Kwangu ulizama mpaka shingoni. Mbele ya watu! Adow wa hoteli, mteja wangu wa miaka sita, akautazama mrija, akanitazama mimi, akahamia kwa Idman bila hata kuaga. Nilijifunika uso kwa mtandio, wallahi. Na mtoto huyo, niliyemnyonyesha maziwa yasiyo na tone la maji, ananiambia sayansi haina mama.

3. Maji ni maada, maziwa ni maada. Daftari lake ndilo linasema, nimelisoma lote. Hakuna mteja aliyewahi kununua kwangu kitu kisichokuwa maada.

Kwa hivyo Mwalimu Dullo afundishe atomi za chuma, za jua na za mwezi. Maziwa atuachie wenyewe. La sivyo, Jumatatu namtoa Kowsar shule. Anataka kuwa daktari. Atauza maziwa, na akilia, alie.

Nisalimie walimu wote, mpishi, na yule bawabu anayechelewa kufungua. Hata Mwalimu Dullo msalimie, lakini kidogo.

Wako mwenye uchungu,
Osob Warfa (Mama Kowsar)

N.B. Pikapu ya kutoka Bura imeniletea maziwa sasa hivi, na nayaona mepesi. Tafadhali mruhusu Kowsar aje mbio na mrija wake, kisha arudi darasani. Ya Jumatatu tuyasahau. Mwambie Mwalimu Dullo asiruke hata ukurasa mmoja. Watu wa siku hizi wanatia maji maziwa bila kumwogopa Mungu!