Kibuyu cha Watu Waliotoweka

Jumatatu, 2 Februari

Ziwa limerudi nyuma tena. Tangu lilipofura likatufukuza mtaa wa chini, leo ndiyo mara ya kwanza naona kizingiti cha nyumba yetu. Kizingiti tu. Mlango haupo. Kitanda nadhani amekichukua kiboko.

Watu wengine wakitazama ule ufuo wanaona matope. Mimi naona historia. Enzi za wakoloni, ndege kubwa za kutua majini zilikuwa zikishuka hapahapa Naivasha, zimejaa mabwana na mabibi wenye saa za mfukoni na vijiko vya fedha. Watu wa namna hiyo hawakosi kudondosha vitu. Ziwa limekaa navyo miaka yote hiyo na sasa linavitema. Kinachohitajika ni mtu mwenye macho. Nimeanza kazi rasmi leo: gambuti, fimbo ya chuma, ndoo. Asubuhi ndiyo saa nzuri. Alasiri upepo unasukuma maji yanarudi juu, na historia inafunikwa.

Ruqaiya, mke wangu, aliniuliza kama nikiwa huko naweza kumtafutia sinia lake. Lile la bati lenye ukingo wa buluu, alilopewa na mama yake siku ya harusi, ambalo siku moja aliliacha palepale nilipotaka kutua pasi ya makaa, rangi ikababuka katikati. Anasema Ramadhani iko karibu na hawezi kupanga futari juu ya kifuniko cha sufuria. Nimemwambia nitaangalia. Lakini ukweli ni kwamba mtu hawezi kutafuta historia na masinia kwa wakati mmoja.

Jumanne, 3 Februari

Nilichopata: bawaba, chupa ya dawa ya kikohozi, kandambili ya mguu wa kushoto. Bawaba huenda ni ya ndege.

Kihara yuko ufuoni pia. Huyu ana mashua, na ziwa likirudi nyuma anaokota mabati na mifereji ya maji ya nyumba za watu. Hana elimu yoyote ya mambo ya kale. Aliniuliza mbele ya wavuvi wote, "Boss, kwani umepoteza nini hapo?" Nikamjibu kwamba mimi sikupoteza, mimi natafiti. Walicheka. Sijali.

Jioni nilikutana na Ogada, meneja wa ile hoteli ya kando ya ziwa. Anasema wageni wanamsumbua kuhusu hizo ndege na yeye hana hata msumari wa kuwaonyesha. Nikimletea kitu kimoja cha maana, ataniweka kuwa mwelekezi wa historia wa hoteli. Kuna kofia, yenye maandishi. Maisha yangu yote nimetaka kazi yenye kofia.

Jumatano, 4 Februari

Mama Chelangat ameniita jikoni kwake. Huyu ndiye aliyetuchukua maji yalipokuja. Tulikuwa majirani kule chini, na yeye alikuwa na nyumba nyingine huku juu karibu na barabara, akatupa chumba cha nyuma na mpaka leo hajatuomba kitu. Ruqaiya anamwita mama, na si kwa heshima tu.

Leo ameomba. Kibuyu chake cha mursik, yale maziwa ya kugandisha, alichoachiwa na mama yake mzazi, kilichukuliwa na maji pamoja na jiko lote la nyumba ya chini. Jumamosi ya wiki ijayo ni koito, yaani mazungumzo ya mahari, ya mjukuu wake Cherop. Watu wa bwana harusi, kijana anaitwa Kipruto, watakuja kutoka Molo kuzungumza habari za ng'ombe, na wazee watakunywa mursik. Anataka maziwa hayo yatoke katika kibuyu hicho na si kingine. Nilimuuliza alama zake, kama mtaalamu. Akasema kifuniko cha ngozi chenye shanga. Akasema pia kwamba alikuwa akikisafisha kwa mkono wake mwenyewe, hakuna wiki aliyoruka.

Tulipofunga mlango wetu, Ruqaiya aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hilo ndilo jambo la kwanza yule mama alilotuomba. Nikilifanyia mchezo, mama akituchoka, yeye Ruqaiya ataenda kukaa Nakuru kwa kaka yake Nasrudin. Na kwa Nasrudin kuna nafasi ya mgeni mmoja.

Sikupenda lile neno mmoja.

Alhamisi, 5 Februari

Nimepata! Ndani ya mizizi ya mafunjo, umbali mdogo kutoka mtaa wa chini: kibuyu. Kirefu, kizito, kina tope hadi shingoni.

Kihara alikiona nikikiosha. Akasema, "Si hiyo ni ya mathe wa mursik?" Ilibidi nicheke. Mtu akikosa elimu huona kitu kimoja akadhani ni kingine. Cha Mama Chelangat kina kifuniko na shanga, hiki hakina. Cha Mama Chelangat husafishwa kila wiki. Hiki ndani ni cheusi tii, masizi matupu, hakijaoshwa tangu dunia iumbwe. Jibu ni moja tu. Watu wa kale walichoma kitu humu ndani. Sadaka, pengine.

Na ubavuni kuna ufa wa urefu wa kiganja, umeshonwa kwa kano, mshono mdogo mdogo uliokazwa vizuri kuliko kiatu chochote nilichowahi kuvaa. Nilikaa nao muda mrefu nikiupitisha kidole. Watu wenye mikono ya namna hiyo hawapo tena duniani. Nakisia miaka mia nane.

Nimekificha chini ya kitanda. Ruqaiya si mtu wa historia.

Ijumaa, 6 Februari

Siku ya kazi. Ruqaiya alipoenda sokoni nilikisugua kibuyu kwa waya wa kusugulia sufuria na sabuni ya unga. Maji yalitoka meusi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Masizi ya miaka mia nane si mchezo. Sasa ndani ni cheupe kama kikombe. Kisha nikakipaka vanishi iliyobaki fundi alipopaka mlango wa Mama Chelangat, nje na ndani. Kinang'aa. Watu wa kale wenyewe hawakuwahi kukiona hivi.

Lakini kila asubuhi Mama Chelangat ananitazama nikirudi na ndoo, na macho yake yananikosesha raha. Nikapata wazo. Nilienda mjini nikarudi na kibuyu kipya kabisa. Nikakipaka tope, nikakizamisha ziwani mpaka kikachoka, nikamletea. Kifuniko na shanga, nilimweleza, viboko wamekula.

Alikipokea kwa mikono miwili. Akaingiza pua ndani akavuta hewa. Akanitazama. Akaingiza pua tena. Mwishowe akasema tu, "Asante, Jalal. Umesumbuka." Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka, nadhani kwa furaha.

Ruqaiya alinipikia biriani siku isiyo ya sikukuu. Vibuyu viwili, na kila mtu ameridhika. Sijui kwa nini watu huona maisha ni magumu.

Jumapili, 8 Februari

Mama Chelangat ameketi mlangoni. Amechoma kijiti cha mti wa senetwet na anakisaga ndani ya kibuyu changu, yaani kibuyu chake, mpaka kuta zote zimekuwa nyeusi. Nilimuuliza kwa upole kwa nini anachafua kitu safi. Akaniambia huko ndiko kusafisha. Mkaa ndio unaotunza maziwa na kuyapa ladha, na kibuyu kilichotunzwa miaka mingi huwa cheusi hadi shingoni. Sabuni, alisema, ingekiua.

Nikaaga haraka nikaenda kuosha ndoo iliyokuwa safi.

Nimelifikiria jambo hili jioni nzima, bila upendeleo. Cha kwake kilikuwa na kifuniko. Cha kwake kilikuwa na shanga. Nilichopata hakina kifuniko wala shanga. Mtu hawezi kushindana na ushahidi. Nimelala vizuri kiasi.

Jumatano, 11 Februari

Ogada amekipokea! Kimewekwa juu ya meza mapokezini, karibu na samaki wa plastiki. Kadi nimeiandika mwenyewe: "Kibuyu cha sadaka, miaka mia nane. Mshono huu ni ushahidi wa ustadi wa watu waliotoweka." Ogada alisikitika kidogo kwamba hakina uhusiano na ndege. Nikamwambia ndege ni za juzi tu.

Kofia ni kubwa na inanifunika masikio. Nitaizoea. Wageni wawili waliniuliza maswali na nilijibu yote, hata yale nisiyoyaelewa.

Ijumaa, 13 Februari

Cherop, yule bibi harusi, anafanya kazi mapokezi katika hoteli hiyohiyo. Alikuwa likizo ya shughuli zake. Leo alipita kuchukua viatu alivyosahau. Alisimama mbele ya meza muda mrefu. Akasoma kadi. Akatoa simu akapiga picha ya ubavu wa kibuyu, kwa karibu. Nikafurahi kuona kijana anajali mambo ya kale. Nilimsalimu, hakuitikia. Ni wasiwasi wa harusi.

Jumamosi, 14 Februari

Naandika kwa kuwa siwezi kufanya lingine.

Wageni wa Molo walifika mapema. Viti vilipangwa uani, wazee mbele, mimi nikapewa nafasi nzuri kama mtu wa nyumba. Nilivaa kofia. Mursik ilimiminwa kutoka kibuyu nilichonunua na wazee wakaisifu. Nikamkonyeza Ruqaiya.

Ndipo Cherop alipotoka ndani amebeba kibuyu cha hoteli, na kadi yake. Ogada alikuwa nyuma yake ameinamisha kichwa. Mama Chelangat aliniomba, kwa adabu kabisa, niwasomee wageni kilichoandikwa. Nilidhani ni heshima. Nikasimama nikasoma kwa sauti, mpaka mwisho, watu waliotoweka na wote.

Mama Chelangat akaweka kidole juu ya mshono. Akasema alishona mwenyewe, wiki ambayo mama yake Cherop alizaliwa, alipokiangusha kwa uchungu wa kujifungua. Akasema, "Basi hao watu waliotoweka ni mimi hapa."

Wageni walicheka hadi mzee mmoja akamwaga maziwa. Yeye hakucheka. Alikileta kibuyu puani, na badala ya harufu ya mama yake akakuta vanishi. Machozi yakamtoka mbele ya wakwe. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, ya kweli, ya kutaka ziwa lipande sasa hivi linichukue. Ruqaiya alinitazama kama mtu anayetafuta namba ya kaka yake kichwani.

Ogada alinyoosha mkono. Nikampa kofia.

Baada ya wageni kuondoka, wakiwa wamekubaliana mambo yao vizuri, Mama Chelangat alituita wote wawili. Alisema kile kibuyu kipya alijua ni cha uongo tangu siku ya kwanza, kwa kuwa hakijawahi kunusa maziwa. Alikipokea kwa sababu koito haingoji, na kwa sababu hakutaka Ruqaiya aaibike. Chumba ni cha Ruqaiya, alisema, hata mpaka azeeke humo. Mimi nitalala humo kwa sharti moja. Kila asubuhi nitakwangua ile vanishi polepole, nitasaga mkaa ndani, nitamwaga, nitaanza upya, mpaka harufu itoke. Nilimuuliza itachukua muda gani. Akasema labda mwaka kesho, labda haitatoka kamwe.

Ruqaiya hajafunga mizigo. Ila ameuleta mkoba karibu na mlango, nami naona anausogeza kidogo kila akifagia.

Nimeapa. Sitaokota tena kitu cha mtu nikakiita changu. Kitu chochote nikikiona, swali la kwanza: ni cha nani?

Jumanne, 17 Februari

Siku ya tatu ya kukwangua. Mikono imekuwa myeusi na nimeanza kuipenda kazi. Leo Mama Chelangat alinusa kibuyu akasema bado, lakini alisema bila kugeuza uso. Ruqaiya anasema huenda mwezi ukaandama leo, na kwamba atapanga futari kwenye kile kifuniko, potelea mbali. Aliondoka kwenda kwa jirani akiwa na uso wa huzuni kidogo. Nimeamua kumfanyia jambo kubwa.

Bahati imenisikia. Kihara alipita na mzigo wake wa mabati, na katikati ya takataka zile jicho langu likanasa kitu. Nilijiuliza swali langu la kwanza, kama nilivyoapa: ni cha nani? Nikalijibu mara moja, kwa ushahidi. Ni bamba la bati la duara, zito, ukingo wa buluu. Hakuna mtu wa mtaa wa chini anayemiliki bati la Kizungu namna hii. Na katikati rangi imeungua ikaacha alama ya pembe tatu, yenye ncha mbele, pana nyuma. Bawa la ndege. Nembo yenyewe!

Kihara alitaka kusema kitu, lakini nilimpa gambuti zangu akanyamaza. Kesho nitalipeleka kwa Ogada, nirudishiwe kofia, na Ruqaiya ataona mume wake ni mtu wa namna gani. Kwa sasa nimelifunga kwenye shuka kuukuu, nikalisukuma chini kabisa ya kitanda, mahali ambapo hawezi kuliona.