Mgombea wa Pikipiki Nyekundu

Jumamosi, 7 Juni

Mvua. Nimeiingiza pikipiki sebuleni. Imekaa kati ya kochi na televisheni, nyekundu, imeinama kidogo upande kama mgeni anayesikiliza mazungumzo. Pikipiki ya Kiitaliano ya mbio hailali nje. Za watu wengine zinaweza. Si yangu.

Mke wangu anafundisha hesabu sekondari na ana tabia ya kuuliza maswali yenye jibu moja tu. Aliuliza mgeni anaondoka lini. Nikamwambia mvua ikikatika. Akasema imekatika tangu saa nane.

Leo nimeamua kugombea uenyekiti wa chama chetu. Tuko watano, wote tuna pikipiki za Kiitaliano, na siku ikiwa njema, mbili au tatu huwaka. Mwenyekiti wa sasa ni Jaji, mstaafu, anayeng'atuka kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Uchaguzi ni tarehe 21, kwenye hoteli ya ziwani, juu mlimani. Sharti ni moja: mgombea afike huko pikipiki yake ikinguruma.

Tarehe 21 pia tunatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Nilimwahidi mke wangu mahali penye maji na utulivu. Ziwa lina maji. Safari moja, haja mbili. Uchaguzi sijamtajia. Sioni sababu ya kumchosha na siasa.

Jumatatu, 9 Juni

Kwa Mama Spana, fundi pekee mjini anayekubali kuigusa. Huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini kwenye sikio, kisha hufumba macho. Amesema mambo matatu. Mikanda ya ndani ya injini imefikia umri, ibadilishwe. Betri imezeeka, iangaliwe. La tatu, mimi nisiguse kitu chochote mpaka nirudi kutoka mlimani.

Nikamkumbusha kwamba mimi ni fundi wa meno bandia. Mkono huu hupima ufizi wa mtu kwa sehemu ya milimita. Akajibu kwamba meno yangu yakilegea mtu atakunywa uji, lakini valvu zikilegea mtu atatembea kwa miguu.

Mikanda amebadilisha. Imechukua siku nzima, na mara mbili amenihamisha kutoka karibu na meza yake. Betri nimesema tutaiona baadaye. Betri ni kama mkwe: ukiisumbua ndipo inapoanza kuugua.

Tulipoiwasha, mlinzi wa getini alikuja mbio kuuliza nini kimevunjika. Klachi ya pikipiki hizi hulia kama vijiko ndani ya ndoo. Nilimweleza kwamba huo ndio muziki wenyewe. Alinipa pole.

Jumatano, 11 Juni

Mke wangu asema nyumba inanuka petroli. Daftari za wanafunzi zinanuka petroli. Mwanafunzi mmoja amemuuliza kwa adabu kama mwalimu amefungua kituo cha mafuta. Ametoa machaguo mawili: harufu itoke au pikipiki itoke.

Nimefanya uchunguzi. Kuna mpira mwembamba unaotoka kwenye tangi na kuning'inia chini ya injini. Harufu inatoka humo. Nimeufuata mpaka mwisho: hauendi popote. Kitu kisichokwenda popote hakiwezi kuwa na kazi. Nikachukua nta ya rangi ya waridi, ile ninayotumia kazini kupangia meno, nikapasha moto kipande, nikauziba mpira. Kazi safi. Ingekuwa ni jino, mwenye mdomo angejivunia.

Saa kumi na moja jioni harufu imekwisha. Mke wangu amenisifu. Mama Spana alisema nisiguse pikipiki, lakini mpira si pikipiki.

Jumapili, 15 Juni

Mazoezi ya abiria. Mke wangu amekaa nyuma yangu kwa mara ya kwanza tangu tununue. Kiti cha nyuma, nakiri, ni kidogo. Amesema kinatoshana na rejista ya darasa, tena la wanafunzi wachache. Tumezunguka mtaa mmoja. Kwenye tuta la pili alishuka, akasema ataendelea kwa miguu, na akafika nyumbani kabla yangu, kwa sababu nilikuwa natafuta gia ya nyutro.

Ndipo akaja shemeji, mdogo wake, daktari wa mifugo. Anapanda kile kipikipiki chake cha kijivu anachokiita Punda. Kina sanduku la dawa nyuma, kamba ya kuvutia ndama, na matope ya tangu mwaka juzi. Hakijawahi kuoshwa na hakijawahi kuzimika. Nakichukia kuliko ninavyoweza kueleza hapa.

Shemeji, kwa upole wake ule unaoudhi, amesema dada yake akitaka, Punda ana kiti kipana. Nikacheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

Jumatano, 18 Juni

Mambo mawili.

La kwanza: mke wangu hayupo nyumbani jioni, siku ya nne sasa. Anasema ana masomo ya ziada. Jana nimeona alama ya oili kwenye ukosi wa blauzi yake. Hesabu ipi hiyo yenye oili? Nadhani anapita kwa Mama Spana kunichongea.

La pili: shemeji anataka kutusindikiza. Nikifika ziwani huku Punda ananifuata nyuma, nani atanichagua? Nimempigia simu, nikamwambia tunaondoka saa mbili asubuhi. Tunaondoka saa kumi na mbili. Si uongo. Saa mbili tutakuwa bado tunaondoka, isipokuwa tutakuwa mbali zaidi.

Kama kila asubuhi tangu nilipoamua kugombea, nimefanyia mazoezi hotuba yangu bafuni. Kichwa chake: Uaminifu.

Jumamosi, 21 Juni

Siku ndefu. Nitaandika kama ilivyokuwa, kwa sababu wengine watasimulia vingine.

Saa kumi na mbili kasorobo nasikia Punda getini. Shemeji ameshafika. Dada yake alimpa saa ya kweli. Nikajiandaa kueleza, lakini yeye akashuka, akamkabidhi mke wangu ufunguo, akamtakia safari njema na kuondoka kwa miguu. Kuna ng'ombe anazaa mtaa wa pili.

Mke wangu akavaa kofia ngumu. Nikamuuliza anafanya nini. Akatoa leseni mfukoni, ya Alhamisi, bado inang'aa. Masomo ya ziada yalikuwa uwanjani nyuma ya gereji, mwalimu Mama Spana.

"Twende basi, baba watoto," akasema. "Wewe tangulia. Wewe ndiye unayeijua njia."

Kilomita arobaini za kwanza zilikuwa tamu. Pikipiki hii, ikienda, inakwenda. Kwenye kioo nilimwona mke wangu akipungua mpaka akawa nukta. Kisha ikakohoa, ikapunguza nguvu, ikazimika. Nukta ikakua ikawa mke wangu. Nilifungua kifuniko cha tangi kuona mafuta. Yamejaa. Nikafunga, nikalipapasa tangi, nikaisemesha pikipiki maneno matatu ya upole. Ikawaka mara moja. Nikamweleza mke wangu kwamba za Kiitaliano hazifuati spana peke yake, zinataka kubembelezwa.

Kilomita arobaini nyingine, vilevile. Kifuniko, maneno, ikawaka. Mke wangu alikuwa amekaa juu ya Punda akinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyepata jibu sahihi kwa njia mbaya.

Mara ya tatu tulikuwa tumeanza kupanda mlima. Mafuta nilijua yapo, sikuona haja ya kufungua kifuniko. Nikatumia maneno peke yake. Haikuwaka. Nikaongeza maneno. Nikabonyeza na kubonyeza, nikaikumbusha yote niliyoifanyia, nikabonyeza tena, mpaka betri ikatoa sauti kama ya mzee anayekaa kitini, ikanyamaza kabisa.

Mke wangu alishuka kwenye Punda. Alifungua kamba ya ndama.

Kilomita kumi na saba nimevutwa. Naandika bila kuficha. Mwendo wa Punda mlimani unamtosha mtu kuhesabu maua kando ya barabara, na nimeyahesabu. Mzee mmoja mwenye baiskeli alitupita, akanisalimia, akageuka nyuma akanisalimia tena.

Kabla ya kona ya mwisho nilimwomba mke wangu afungue kamba. Kutoka pale barabara inateremka mpaka hotelini. Nilipanga kuserereka mpaka mlangoni. Kuhusu kunguruma, nilijisaidia kwa mdomo.

Jaji alikuwa kwenye kibaraza na wanachama wengine watatu. Mmoja alikuwa amefika mapema, pikipiki yake juu ya pikapu. Wa pili alikuja na gari la dada yake, wa tatu kwa basi, na hao wawili walikuwa na maelezo. Nikasimama mbele yao kwa madaha. Jaji akauliza kama ni mimi niliyekuwa nikinguruma. Nikasema ni injini. Akaniomba niizime. Hapo nikakwama.

Nikajitetea kwamba sharti ni kufika, na magurudumu yaliyonifikisha ni yangu mwenyewe. Jaji akasema amekaa mahakamani miaka thelathini na nne, na utetezi huo aliwahi kuusikia kwa mwizi wa mkokoteni.

Mke wangu alikuwa ameshuka. Akaja moja kwa moja kwenye tangi, akafungua kifuniko. Tangi likavuta pumzi, fyuuu, kibaraza kizima wakasikia.

"Mara mbili ulifungua, ikawaka," akasema. "Mara ya tatu hukufungua, haikuwaka. Tangi linakosa hewa. Hewa inaingilia wapi?"

Nikasema kwa kweli sijui. Akapiga magoti kwenye kokoto na nguo zake nzuri, akafuata mpira kwa kidole mpaka mwisho, akachomoa kitu kwa ukucha. Kisha akanionyesha kipande cha nta ya waridi, chenye alama ya kidole gumba changu.

Wote wanne wakaja kuiangalia. Jaji aliishika kwenye mwanga. Akasema ni kazi nzuri sana, imeziba kabisa.

Wakaazima betri kutoka kwenye pikapu na pikipiki yangu ikawaka, ikanguruma vizuri kuliko siku zote. Nikaomba ihesabiwe. Hawakuihesabu. Jaji akapekua katiba ya chama, karatasi moja, akatangaza kwamba siku ya leo pikipiki moja tu imepanda mlima bila kuzimika, na katiba haisemi popote kwamba lazima iwe ya Kiitaliano, kwa kuwa waliotunga hawakuwahi kufikiria jambo kama hilo. Kura zikapigwa. Nne kwa moja. Ile moja ilikuwa ya siri na kila mtu akaijua ni ya nani.

Mwenyekiti mpya ni mke wangu.

Nikamwambia kwa masikitiko kwamba nilitaka kumweleza habari za uchaguzi kwa wakati wake. Akasema anazijua tangu wiki ya kwanza. Bafu letu halina dari.

Jioni tulikaa ukingoni mwa ziwa, sisi wawili. Maji yapo, utulivu upo. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia anajifunza. Akasema kama angeniambia, ningemfundisha.

Kisha akasema jambo jingine. Kwamba kwa miaka ishirini na mitano, kwenye baiskeli, kwenye kile kiskuta chetu cha kwanza, popote tulipokwenda, yeye amekuwa nyuma. Mgongo wangu anaujua vizuri, anaupenda, hana malalamiko nao. Ila alitaka mara moja aione barabara yenyewe.

Nilimpa miwani yangu ya jua. Akaivaa. Ilimpendeza kuliko inavyonipendeza, na hilo sikulisema.

Jumapili, 22 Juni

Kurudi. Sikuzimika hata mara moja. Mwenyekiti alitangulia. Nilikuwa nyuma yake njia nzima, na nakiri anakata kona vizuri. Mabega yake yanatulia akiingia konani. Miaka yote hii sikujua ana mabega ya namna hiyo.

Shemeji alitupokea getini. Ndama yuko salama. Alimkagua Punda kwa dakika moja, akamwangalia dada yake kwa dakika tano, akacheka. Nilimshukuru kwa kamba. Ilinigharimu, lakini nilimshukuru.

Jumatano, 25 Juni

Mwenyekiti ametoa waraka wake wa kwanza. Kila mwanachama atunze daftari la matengenezo. Mwanachama asiguse mpira wowote bila idhini ya fundi. Waraka ni wa watu watano lakini umebandikwa mahali pamoja tu, juu ya kioo changu cha kunyolea.

Mama Spana ameiona nta. Ameiweka kwenye rafu ya gereji, pembeni ya saa. Sijui kwa nini watu huenda kuiangalia.

Nimetafakari sana safari hii na nimepata somo. Tatizo halikuwa nta. Nta ilifanya kazi yake. Tatizo ni kwamba mwenyekiti wa chama chenye heshima hawezi kupanda Punda wa kuazima. Mke wangu anataka kuiona barabara, basi aione juu ya kitu kinachostahili.

Leo mchana nimepata tangazo la pikipiki. Ya Kiitaliano, ya mbio, ya njano, ndogo kidogo kuliko yangu. Imo ndani ya maboksi saba. Mwenyewe anasema kila kitu kimo isipokuwa injini, na kuhusu injini, kuna mtu anamfahamu. Nimeinunua.

Yeye hajui. Yuko shuleni mpaka saa tisa. Ni zawadi ya siri ya miaka ishirini na mitano, na raha ya siri ni kunyamaza. Boksi la kwanza nimeshaliingiza chini ya kitanda, la pili kabatini nyuma ya magauni yake. Kuiunganisha nitaiunganisha mwenyewe. Mkono ninao, na waraka umekataza kugusa mipira tu.