Kibodi ya Kanisa na Sufuria ya Mzee Kioko

Leo nimejianika. Hakuna mtu amenianika, nimejianika mwenyewe, mbele ya kamati, akina mama na mchungaji, na projekta ikiwa imewashwa.

Wacha niwaeleze kabla msikie kwa watu wa Kikima, maana wao wataongeza chumvi. (Haihitaji chumvi.)

Mnajua mimi ni karani wa kanisa letu. Ofisi yangu ni kile chumba cha kando ya jikoni: meza moja, kompyuta moja, na moshi wa bure. Niko kwa majaribio. Miezi sita imeisha, na kamati ilikuwa ikae leo iamue kama naandikwa kabisa ama narudi nyumbani kupalilia mboga. Kwa hivyo leo haikuwa siku ya mchezo.

Sasa, kanisa lina vifaa vya kuazima washirika. Viti, turubai, sinia, sufuria. Ukiwa na harusi au matanga unakuja, unaandika jina lako kwa daftari, unabeba. Kurudisha ndiyo shida. Viti thelathini vilienda matanga huko Nuu, vikarudi kumi na tisa, na kimoja kati ya hivyo si chetu. Sufuria kubwa kuliko zote, ile ya kupikia watu mia mbili, ilienda na haikurudi. Ukifungua daftari uone nani aliibeba, karatasi ya mwezi huo haiko.

Mwenyekiti wa kamati ya vifaa ni Mzee Kioko. Alikuwa mwalimu, akastaafu, lakini sauti haikustaafu. Yeye ndiye aliamua wizi wa sufuria utaisha kwa teknolojia. Kanisa likaagiza kibodi kutoka Nairobi. Si kibodi ya kawaida. Upande wa kulia ina mfereji wa kupitisha kadi, zile kadi za mstari mweusi nyuma kama za benki. Pembeni ina kijicho chekundu cha kusoma stika za mistari kama zile za supermaketi. Kila mshirika apewe kadi. Kila sufuria ibandikwe stika. Ukija kuazima, unapitisha kadi, jina lako linajiandika kwa kompyuta. Halafu unaonyesha kijicho stika ya sufuria, namba yake inajiandika kando ya jina.

Hakuna mtu aliuliza kama sufuria ndiyo itaenda kwa kibodi ama kibodi ndiyo itaenda kwa sufuria. Susu mmoja pekee, bibi wa miaka themanini na kitu, aliuliza kama hiyo namba baadaye itahamia kwenye paji la uso. Akaambiwa hapana. Akasema yeye hata hivyo hataki kadi.

Mzee Kioko akauliza nani ataweza kuweka hiyo kitu. Nikainua mkono. Nilisema, na mkutano uliandika, kwamba hizo vitu nimeziweka sana. (Nilikuwa nimeona moja. Kwa supermaketi. Nikiwa kwa foleni.)

Boksi lilifika jana asubuhi. Nikafungua, nikachomeka waya, taa ikawaka kijani. Nikajisikia injinia. Nikapitisha kadi yangu. Kimya. Nikageuza juu chini. Kimya. Nikaipangusa kwa sketi nikapitisha polepole, halafu haraka, halafu kwa hasira. Baada ya nusu saa nikagundua nilikuwa napitisha upande wa picha yangu. Kibodi inataka mstari, haitaki sura.

Nikageuza. Jina likatokea: NDQNU MUSYOKQ 014.

Mimi ni Ndanu. Nikafikiri wamekosea kadi. Nikapitisha ya mchungaji, nayo kila penye A ikaweka Q. Ikabidi nifungue kijitabu cha maelezo, kile cha herufi za siafu. Kumbe kibodi hii haipangwi kwa kubonyeza. Inapangwa kwa kuionyesha stika zilizochapishwa humo ndani, na kila stika ni amri yake. Mimi nilipokuwa nafungua boksi nilipitisha kijitabu mbele ya kile kijicho, kikasoma stika ya kwanza kiliyokutana nayo. Nilikuwa nimeambia kibodi ya kanisa la Kikima kwamba sisi ni Wafaransa.

Nikairudisha kwa Kiingereza. Na hapo, badala ya kufunga kijitabu niende nyumbani, nikaona stika nyingine. Maelezo yalisema ukiionyesha hiyo, kibodi ikisoma kadi itaandika jina na papo hapo ijibonyeze Enter yenyewe. Yaani wewe hugusi kitu. Nikaona hiyo ndiyo itawaacha kamati midomo wazi. Nikaionyesha. Nikajaribu na kadi kumi, zote zikajipanga kwa orodha, jina chini ya jina. Nikatembea mpaka nyumbani nikitabasamu peke yangu kama mtu amechumbiwa.

Leo asubuhi nikafika mapema, baridi ya Mbooni mnaijua, nikawasha kompyuta. Wasap yangu huwa naifungua kwa hiyo kompyuta kwa sababu simu yangu kioo kimepasuka. Nikakuta ujumbe wa Mzee Kioko kwa grupu ya kamati ya vifaa. Mrefu, una mafungu. Kwa ufupi alisema vifaa vinapotea kwa sababu ofisi imelegea, karani wa siku hizi anajua simu lakini hajui kulinda mali, na leo kamati iangalie hilo jambo kwa uzito.

Damu ikanipanda. Nikaanza kumjibu. Nitawaandikia vile nilivyoandika, maana sasa hata nikificha haisaidii:

"Mzee Kioko kabla uniulize vifaa vinaenda wapi rudisha sufuria kubwa ya kanisa. Iko kwako tangu harusi ya binti yako Mueni. Kila tukipita hapo tunaona ng'ombe wako wakiinywea maji. Na mimi nimechoka kusemwa na mtu ambaye hata meseji anaandikiwa na bibi yake."

Nikasoma mara mbili. Nikasikia raha. Halafu nikakumbuka mchungaji yuko kwa hiyo grupu, na saa nne kamati inaamua kazi yangu. Nikaondoa mkono polepole, nikasema Ndanu, wewe ni mtu mzima. Sikutuma. (Kufuta pia sikufuta. Ilikuwa nzuri sana, nikataka kuisoma tena jioni.)

Saa nne ukumbi ukajaa. Kamati mbele, akina mama nyuma wakiongozwa na Mama Mutheu, ambaye ndiye anashika funguo za stoo ya vyombo, na kwa hivyo naye yuko kwa grupu. Mchungaji akaomba. Nilikuwa nimehamishia kompyuta na kibodi ukumbini, nikaunganisha projekta vizuri: orodha ya majina ilionekana ukutani kubwa, na kioo cha kompyuta yenyewe kikabaki changu peke yangu, nifanyie mambo mengine. Nilijivunia hiyo mpangilio. Sikujua ndiyo kamba ya kujinyonga.

Mzee Kioko akahutubia. Akasema mali ya Mungu imefanywa mali ya watu. Akasema kuanzia leo, mwenye kubeba atajulikana. Akanigeukia akaniambia nifungue picha ya orodha ya vyombo aliyotuma kwa grupu, nihakikishe hesabu ya sinia. Nikafungua grupu kwa kile kioo changu, nikaiona picha, nikasema sinia ni arobaini. Akasema sawa, tuanze, na kadi ya kwanza itakuwa ya mwenyekiti.

Nikainuka, nikageukia ukuta na mkono mmoja hewani kama mtu wa kutangaza hali ya hewa. Nikaeleza kwamba Mzee atapitisha kadi na jina lake litajiandika hapo juu bila mtu kugusa kitu.

Mzee akapitisha. Vizuri kabisa, mstari ukiangalia ndani. Ukuta ukakaa vile ulivyokuwa, ila simu kadhaa zikalia mifukoni.

Nikamwambia arudie. Akarudia. Ukutani hakuna kitu, lakini mifuko ikalia tena. Simu ya mchungaji, simu za kamati, simu ya Mama Mutheu yenye mlio wa jogoo. Nikafikiri ni mambo ya watu. Nikamwambia Mzee apitishe kwa nguvu kidogo. Jogoo akawika mara ya tatu.

Hapa lazima niwaeleze, kwa sababu mimi mwenyewe nilielewa nikiwa nimechelewa. Kibodi haijui orodha ni nini. Kibodi inaandika mahali ile alama ya kuandikia imesimama. Na mimi nilipofungua grupu kuangalia sinia, alama ilienda kusimama kwa sanduku la ujumbe, nyuma ya maneno yangu ya asubuhi. Mzee alipopitisha kadi, jina lake lilijiandika hapo mwisho. Na ile Enter niliyoweka kwa raha zangu ikajibonyeza.

Mama Mutheu akavaa miwani. Akainua simu juu, akasema kwa furaha, "Imejibu. Mashine imejibu kwa grupu." Na kwa kuwa yeye huwasomea wengine matangazo, akasoma. Polepole, kwa sauti ya kusomea kanisa, kuanzia "Mzee Kioko" mpaka sufuria, mpaka ng'ombe, mpaka bibi yake. Na mwisho, kama sahihi: "Kioko Mutinda, sifuri sifuri moja."

Watu sitini wakageukia Mzee Kioko, halafu kibodi.

Yule susu aliyekataa kadi ndiye aliongea kwanza. Akasema kwa Kikamba kwamba kumbe hii mashine ni ya Mungu, imeingiziwa kadi tu ikasema sufuria iko wapi, na yeye sasa anataka yake. Akina mama wakaitikia. Na ndugu zangu, kwa kama sekunde tano hivi niliona mlango wa kutokea. Watu waliamini ni mashine. Ningekaa tu na uso wa mshangao, kibodi ingekuwa nabii na mimi karani wake.

Lakini Mama Mutheu ni mtu wa kumaliza kusoma. Akasogeza simu karibu na macho akasema, "Hapa juu imeandikwa imetoka kwa Ndanu."

Sitini wakanigeukia. Mimi nikageukia projekta kama itanisaidia.

Mzee Kioko alikuwa bado ameshika kadi. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Akaketi, akavuta koti, akasema, "Hiyo sufuria hainyweshi ng'ombe. Ni mbuzi."

Nadhani alitaka kujitetea. Alisikia maneno yake kama sisi tulivyoyasikia, baada ya kutoka. Mchungaji akainamisha kichwa, na mabega yake yalikuwa yakitikisika, na haikuwa maombi. Akina mama wakacheka mpaka mmoja akashuka kwa kiti. Mimi pia, Mungu anisamehe, nikacheka. Nikaona nimeponea. Mwenyekiti wa kulinda vyombo ndiye mwenye sufuria, nani tena atanikumbuka mimi?

Mzee akangoja tumalize. Mwalimu wa zamani anajua kungoja darasa. Halafu akauliza, kwa upole, kama ningemwambia vile viti viwili vya kanisa vya bluu vilivyoko kwa baraza yangu vilifikaje huko. Alivijua vizuri. Alikuja kutusalimia Krismasi, nikamkalisha kwa kimoja.

Ndugu zangu. Viti viwili. Vina herufi za kanisa zimepakwa rangi nyuma ya mgongo. Nilivibeba wakati wa matanga ya shangazi, nikasema nitarudisha Jumatatu. Hiyo Jumatatu ilikuwa mwaka jana. Na kusema ukweli nilikuwa nimeshasahau si vyangu. Nimeviwekea hata vitambaa.

Nikafungua mdomo. Kitu kilichotoka ni kwamba vina vitambaa.

Mchungaji akapangusa macho akasema basi tumeona faida ya mashine, na itumike. Akaniagiza niweke ile alama mahali pake, kwa orodha. Mzee Kioko akapitisha kadi mara ya nne, na safari hii jina lake likatokea ukutani kubwa, na mimi nikaandika kando yake: sufuria kubwa, moja. Halafu nikatoa kadi yangu mwenyewe, mbele ya wote. NDANU MUSYOKA 014. Viti, viwili. A zote zikiwa mahali pake, tafadhali. Kibodi inafanya kazi vizuri sana.

Nikamwomba Mzee msamaha kwa yale ya bibi yake. Akasema bibi yake yuko kwa grupu ya akina mama, na huko imeshatumwa, kwa hivyo nimwombe yeye mwenyewe. Hiyo bado sijafanya. Natafuta njia ya kupita kijijini ambayo haipiti kwao, na sijaipata.

Na kazi? Kamati imeniandika. Mzee Kioko mwenyewe ndiye alipendekeza. Alisema mtu akishaona aibu ya namna hii mbele ya kanisa, hawezi tena kupoteza hata kijiko. Hakuna aliyepinga. Mpaka sasa sijui kama hiyo ni sifa.

Viti vinatakiwa kesho kabla ya ibada, na wenye pikipiki wote wa hapa sokoni, nikisema ninabeba nini, wanaanza kucheka kabla hawajaniambia bei. Nitavibeba kwa kichwa. Ukikutana na mimi kesho asubuhi, nisalimie tu kama kawaida, na usiniombe nikuwekee kimoja chini ukae.