Stika Elfu Mbili za Kuokoa Miti

Jumatatu, 3 Machi

Duka hili la dobi lina bahati: lina mimi. Hoteli mpya ya barabara kuu inatafuta wa kuifulia mashuka, na imesema wazi inataka biashara inayotunza mazingira. Shemeji, mume wa dada yangu na mwenye duka, alikuwa anakuna kichwa tu. Nikamwambia tufute risiti za karatasi. Kila nguo ibandikwe stika yenye chipu. Unasogeza simu karibu, hata hugusi, inakuambia yote: nguo ya nani, doa la nini, inachukuliwa lini. Miti inapona!

Shemeji akauliza stika itavumilia vipi maji ya moto. Swali la mtu ambaye upeo wake umeishia kwenye sabuni. Dada akamkazia macho, Shemeji akakubali. Mambo yakienda sawa, msimamizi wa kazi ya hoteli ni mimi.

Mama Uzi, mpiga pasi wetu, alicheka hadi akaweka pasi pembeni. Yeye hushona uzi wa rangi kwenye pindo la kila nguo, kisha huufumua, huuviringisha kwenye kijiti na kuutumia tena. Mambo ya enzi za mkaa!

Jumatano, 5 Machi

Stika zimefika. Elfu mbili! Kila moja ndani ya kifuko chake cha nailoni, vifuko ndani ya maboksi, maboksi ndani ya boksi kubwa, na sponji kila upenyo. Takataka zote nimezisukumia kwenye kabati la chumba cha pasi, mlango nikaufunga kwa goti. Mama Uzi akauliza kama hayo ndiyo mazingira yenyewe, au yanakuja na gari la pili. Nikamsamehe tu. Mtu mzima.

Alhamisi, 6 Machi

Tumebandika tangu asubuhi. Ti! Ti! Simu inaimba. Karibu nitokwe na machozi.

Saa nne mashine ikaanza kukohoa. Saa tano maji yakawa kwenye soksi zangu. Fundi bomba akachokoa mfereji, akatoa konzi nzima ya plastiki na vijiwaya, akauliza kama siku hizi tunafua redio. Hana maono, ndiyo maana anaishi ndani ya mabomba.

Suluhisho nimelipata pale pale: stika moja kabla ya kufua, tunaibandua na kuitupa. Nyingine baada ya kufua. Mbili kwa kila nguo. Maendeleo mara mbili!

Ijumaa, 7 Machi

Mwalimu mkuu alikuja kuchukua koti la suti alilolileta jana. Simu ikasema yeye ni mke wa mwuza nyama na kilicho chake ni shumizi. Stika zilihama nguo majini. Nikamsihi aijaribu kwanza. Akakataa kwa sauti iliyosikika hadi nje. Mama Uzi akapita, akapindua pindo, akaona uzi wa kijani, akamkabidhi koti lake. Kubahatisha tu.

Jumatatu, 10 Machi

Mkaguzi wa hoteli amefika. Mama mmoja mwenye miwani mipana na kalamu isiyopumzika. Nikamwonyesha simu yangu inavyoimba ti! ti! Hakushtuka.

"Mkishazibandua zinakwenda wapi?"

"Kwenye pipa, mama."

"Na pipa linakwenda wapi?"

"Pipa haliendi popote. Yanayokwenda ni yaliyomo."

Akashusha pumzi. Akanieleza kwamba chipu si mbaya. Ubaya ni kuitupa baada ya fua moja, plastiki, gundi na madini kwa pamoja, wakati karatasi angalau huoza. Kuna zinazoshonwa kwenye shuka zikavumilia kufuliwa mara nyingi mno. Nikaandika maneno matatu ya kwanza: "Chipu si mbaya." Mengine yalikuwa marefu.

Kisha akatafuta pa kutundika mkoba. Akafungua kabati.

Vifuko vilimfikia kiunoni. Mama Uzi akamtoa, akamkalisha, akamwonyesha kijiti chake cha nyuzi, zingine zina miaka minne. Kalamu ilikimbia kama imechomwa.

Jumatano, 12 Machi

Kazi ya hoteli tumepata! Kwa sharti: alama zote zisimamiwe na Mama Uzi. Nikamwambia Shemeji kwamba bila stika zangu yule mama asingefungua kabati, na bila kabati asingekutana na uzi. Kwa hiyo ushindi ni wangu. Shemeji akatoka nje, akarudi, akatoka tena.

Dada ndiye aliyesema. "Mdogo wangu, nimekutetea tangu unavaa kaptura. Leo nimechoka."

Hilo liliniuma, sifichi. Nimehamishiwa uani, kuanika. Mama Uzi akaniletea kofia ya jua na kuniambia, "Pole, baba." Dharau ya waziwazi.

Ijumaa, 14 Machi

Uani kuna uzembe wa kutisha! Vibanio mia tatu na arobaini, na hakuna anayejua kipi kimebana nini, tangu lini. Wanaishi vipi hawa?

Nimepata mwuzaji wa stika za chipu zisizoogopa jua. Nimeagiza elfu moja, kwa jina la Shemeji, ili afurahi mwenyewe zikifika. Na safari hii nimejali mazingira kikweli: nimeomba kila kifuko cha nailoni kiwe cha rangi ya kijani.